Viazi vya Pembe

Jikoni mwa hospitali yetu kila mmenyaji wa viazi ana ndoo yake, na mpishi mkuu huja kuzikagua kabla ya kuwasha moto. Haulizi ndoo ni ya nani. Akitazama kiazi anajua. Cha Shangazi, mkubwa wetu, ni laini kama yai. Cha Mama Pacha kina michirizi ya ganda, maana mama yule humenya utadhani anakimbizwa. Cha Kicheko hubaki na macho yake yote, kwa sababu mwenyewe yuko mbioni kumaliza hadithi. Changu kina pembe, ndiyo maana wakaniita Seremala.

Wiki moja mvuke uliniunguza mkono wa kulia. Mpishi mkuu alinivumilia, halafu akaniambia wazi, "Mwanangu, wagonjwa lazima wale. Kesho ndoo yako isipojaa, nitatafuta mtu mwingine." Sikumlaumu. Lakini nyumbani ananitegemea mama yangu mzazi, na kibarua kikiota nyasi sikujua tungeshika wapi.

Kesho yake nikajaribu mkono wa kushoto. Kisu kikateleza, kiazi kikarukia chini ya meza. Nikatoka kwenda kubadilisha bandeji, na huko huko kilio kikanishika, nikakawia sana.

Niliporudi, ndoo yangu ilikuwa imefurika. Wenzangu wameinama, kimya, na Kicheko kukaa kimya ni jambo la kuitiwa daktari. Mpishi mkuu akaingia. Akachukua kiazi kwenye ndoo yangu: pembe. Cha pili: pembe. Akazitazama ndoo za wengine. Hakuna iliyofika nusu.

"Seremala, mkono mbovu umewashinda wazima wote hawa?"

"Ameamka na nguvu leo," Shangazi akasema bila kuinua uso.

Mama Pacha akamgeukia. "Kumbe na wewe ulimtilia?"

"Na mimi!" Kicheko akaropoka, kisha akajiziba mdomo.

Kila mmoja alikuwa amesubiri wenzake waende bombani, akanimenyea kwa siri, akihangaika kukata pembe kama zangu. Watatu, na hakuna aliyejua la mwenzake.

Mpishi mkuu akainua ndoo yangu, akaimwaga kwenye sufuria kubwa. Akamwaga ya Shangazi. Akamwaga na zilizobaki.

"Kuanzia leo tunajaza hii moja. Nani kamenya nini, sitaki kujua." Akachungulia ndani. "Na bado haijajaa."

Akavuta kigoda changu, akaketi, akachukua kisu changu.

"Wewe tia maji. Mkono mmoja unatosha."

Mchana wagonjwa walikula, wakamsifu mpishi. Nani huuliza kiazi kilimenywa na nani? Mimi najua, na nawashukuru wanawake wale mpaka leo.