Kopo la Baba

Kila aliyepita bandani alimsifia Shangazi kwa unene. Shangazi alikuwa farasi jike, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuna aliyeingia bandani asikaripiwe. Mimba ilikuwa ya miezi minane, tumbo limejaa kama gunia, na Baba alitembea kifua mbele utadhani ameibeba yeye.

Binti yake hakuwa na raha. Mwaka jana tumbo lilikuwa kubwa vilevile, akazaliwa mtoto mifupa mitupu, hakufikisha siku ya tatu. Binti ndiye aliyemfukia, na aliapa hatafukia mwingine.

Asubuhi moja akimpiga brashi Shangazi, vidole vilizama kati ya mbavu. Manyoya marefu ya msimu wa baridi yalikuwa yameficha mambo.

"Baba, Shangazi amekonda."

"Amekonda! Na hilo tumbo?"

"Tumbo ni la mtoto. Mama mwenyewe amekwisha. Hebu mguse mbavuni."

"Wee mtoto, makopo mawili asubuhi, mawili jioni. Nilikuwa nalisha farasi kabla mama yako hajanijua."

Kopo lenyewe lilikuwa la rangi, maandishi yamefutika zamani, nalo lilining'inia kwenye msumari wake kama picha ya babu. Kwa miaka yote lilipima shayiri. Mwaka juzi meno ya Shangazi yalipoanza kuisha, Baba alimhurumia, akaacha shayiri ngumu na kumpa pumba laini za ngano. Kopo likabaki lilelile.

Binti akaenda kuchukua mizani ya jikoni. Akajaza kopo shayiri ya kuku: kilo moja. Akalimwaga, akajaza pumba: hata nusu kilo haikufika.

"Mizani yako mbovu," Baba akasema.

Akapima mwenyewe. Akarudia mara tatu. Kisha akalitundika kopo, akatoka, na kwa wiki nzima akawa anamnunia binti yake kama aliyeibiwa.

Anune tu. Binti alisaga shayiri, akailoweka mpaka ikawa laini, akaiongeza konzi moja kila siku, maana kumshindilia farasi kwa ghafla ni kumtafutia msokoto wa tumbo. Akaleta majani makavu ya lusini, yale ya kijani yenye harufu nzuri, na chumvi ya madini. Kila Ijumaa alimpapasa Shangazi mbavu, na kila Ijumaa alitukanwa kwa kwato. Baba alipoanza kusema tena, alimwita Bi Mizani, na si kwa kumsifu. Binti aliitika na kuendelea kupima.

Mimba ikafika mwezi wa kumi na moja. Alfajiri moja binti alifungua banda, akamkuta mtoto amesimama, miguu inamtetemeka, ananyonya kwa fujo. Alilia hapohapo mlangoni, wala hakujificha.

Baba akaja na kandambili zake. Akapiga magoti, akampapasa mtoto mbavu, polepole, upande mmoja, kisha wa pili.

"Yule wa mwaka jana," akasema, "nilimnyima mimi."

"Ulikuwa unamhurumia mama yake, Baba."

 Mzee alinyanyuka, akalitungua kopo msumarini, akachota shayiri na kuiweka juu ya mizani.

"Sasa ananyonyesha, atataka zaidi," akasema. "Soma wewe, Bi Mizani. Leo macho yangu hayaoni vizuri."