Komeo la Ndani

Karakana ile ilitengeneza milango ya kila namna: ya benki, ya madarasa, ya vyumba vya maharusi. Choo chake kilikuwa na gunia.

Gunia lenyewe lilining'inia kwenye misumari miwili, na upepo ukija lilicheza lilivyotaka. Mafundi wanane wa kiume hawakulijali. Wa tisa alikuwa mwanamke, mfungaji wa bawaba na makomeo. Walimwita Shemeji, ingawa mumewe, aliyekuwa kazini mji wa mbali, hakuna aliyemjua. Siku zake za mwanzo alipoingia chooni, mmoja wao alipita akalivuta gunia "kwa bahati mbaya", na karakana nzima ikaangua kicheko. Hakulia. Alirudi mezani kwake akafunga bawaba kumi na mbili, skrubu moja baada ya nyingine, na mpaka jioni hakuna aliyemsemesha.

Tangu siku hiyo alijipatia dawa: kutokunywa kitu. Asubuhi mpaka jioni, hata tone.

"Shemeji, chai hii hapa!" walikuwa wakimwambia saa nne.

"Nimeshiba."

"Huyu ngamia jamani! Nundu kaificha wapi?"

Dawa ilimfaa mpaka alipojifungua. Sasa binti yake alikuwa na miezi minne, na jioni moja alinyonya akaachia, akanyonya tena akaachia, kisha akalia kwa hasira. Bibi yake, aliyekuwa akishinda naye mchana, alitazama weee, mwisho akasema.

"Mwanangu, maziwa yanakata. Unakunywa nini huko kazini?"

"Nakunywa tu, mama."

"Nini? Mbona midomo imekupasuka hivyo?"

Akamhamishia mtoto titi la pili. Angeanzia wapi?

Kesho yake saa ya chai alijitenga nyuma ya rundo la mbao, mahali pake pa kila siku. Ndipo akamwona Mzee Vanishi, mpakaji rangi, akiangaza macho huku na huku, kisha akiimwaga chai yake yote kwenye unga wa mbao na kuifukia kwa kiatu.

Akaelewa mara moja. Mzee yule alikuwa akikawia chooni, mkojo ukimtoka kwa taabu, na vijana walikuwa wakigonga ukuta kwa nyundo: "Mzee, bomba limeziba? Tumwite fundi?" Siku moja Shemeji naye alicheka pamoja nao. Alicheka kwa furaha kabisa, kwa kuwa angalau siku hiyo hachekwi yeye. Akakikumbuka kicheko chake mwenyewe, na kikamchoma kuliko vyao vyote.

Alimfuata msimamizi. "Bosi, ule mlango uliokataliwa na mteja kwa sababu ya ufa, naomba niufunge chooni."

"Ili ujifungie ufanye nini?" Wenzake wakacheka, naye akaendelea: "Mbona sisi hatulalamiki? Ni wewe peke yako?"

Jibu lilikuwa ulimini. Akamtupia jicho Mzee Vanishi. Mzee alikuwa ameinamia brashi yake, shingo imekakamaa kama anayesubiri kupigwa. Akalimeza jibu.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi peke yangu."

"Basi funga. Nitaung'oa kwa mikono yangu hii."

Mapumziko ya mchana wenzake walikula, yeye akafunga mlango. Ulikuwa mzito, na hakuna aliyeinuka kumshikia. Aliuegemeza kwa bega, akauinua kwa kabari. Bawaba tatu. Komeo kwa ndani. Alipomaliza alirudi mezani kwake, kwenye bawaba zake.

Msimamizi alipomaliza kula alichukua nyundo, kama alivyoahidi. Akauvuta mlango. Haukufunguka. Wote wakageuka kumtazama Shemeji. Shemeji yuko pale pale mezani.

"Nani humo?"

Sauti ya uzee ikajibu: "Mimi."

"Mzee? Hebu toka, niung'oe mlango huu."

"Nitatoka nikimaliza." Wakasikia akihema. "Na hiyo nyundo irudishe, mwanangu. Miaka sita naona haya hata kukojoa. Usinirudishe huko."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi aliishusha nyundo, akafoka kwamba kuna fremu saba za kumalizwa leo, wanatazama nini? Akaondoka.

Komeo likasikika likirudi nyuma. Mzee Vanishi alitoka asimtazame mtu. Alikwenda kwenye pipa la maji, akachota kikombe akanywa chote, akachota cha pili, akaja kukiweka mezani kwa Shemeji katikati ya skrubu. Akarudi kwenye brashi yake.

Shemeji alikunywa taratibu, maji yakimshuka kifuani kama kitu alichokuwa amekisahau. Mchana ule hakuna mwingine aliyemsogelea. Utani ulikuwa umekatika, na mahali pake hapakuwa na kitu.

Saa kumi aliingia chooni, akasukuma komeo. Nje msumeno ulikuwa ukilia, mtu akimwita mwenzake alete gundi. Alimaliza haja yake, lakini hakutoka upesi. Aliegemea mlango wenye ufa, kiganja juu ya komeo, akimfikiria binti yake anayemsubiri, na hakuna aliyegonga.