Aliyejua Kabla ya Moshi

Meja hakuwa mtu wa kuambiwa hapana. Wahindi walipofukuzwa, jeshi lilimkabidhi kile kiwanda kidogo cha asidi njia ya Paya, naye hajui asidi wala siki. Alichojua ni kwamba wakubwa wa Kampala walitaka asidi zaidi, basi akaamuru moto uongezwe. Ujinga ukishavaa magwanda, nani atauvua?

Ofumbi, mkemia pekee aliyebaki, alimfuata ofisini akamweleza kwa adabu zote. Ndani ya tangi la kutengenezea asidi, moshi wa salfa na hewa huungana, na papo hapo vilivyoungana vingine huachana. Pande mbili zinavutana mpaka zitulie. Kule kuungana kwenyewe hutoa joto. Ukizidisha joto, mambo hurudi nyuma kulikimbia: asidi itapungua, moshi utazidi, utatoka kwenye bomba uende mashambani.

Meja alicheka. Akamwuliza tangu lini sufuria ikaongezwa kuni chakula kisiive. Amri ni amri, bwana.

Basi Ofumbi afanyeje? Roho yake ilikataa kunyamaza kabisa. Jirani yake Achola, mama mjane, alikuwa na shamba la wimbi upande ule ule unakoelekea upepo. Akamnong'oneza avune upesi, hata kama halijakauka vizuri, maana moshi unakuja. Mama wa watu akavuna. Tenda wema nenda zako, Ofumbi alijiambia.

Moto ukaongezwa, na mambo yakawa vile vile alivyosema. Tangi likatoa asidi kiduchu, bomba likatapika moshi mkali, majani ya mihogo yakababuka, watoto wakakohoa hadi machozi. Kampala wakapiga simu kuuliza. Na Meja, lo, angekubali vipi kwamba kosa ni lake? Akatangaza kuna mhujumu.

Swaliki, msimamizi wa tanuri na rafiki wa Ofumbi, alimsihi avuke mpaka wa Busia siku ile ile. Ndugu yake ana lori, atamfikisha upande wa Kenya. Ofumbi aliogopa, lakini akakataa. Yale maneno ya ofisini waliyasikia wawili tu, na Meja hawezi kuyataja bila kujiumbua. Anayekimbia ndiye anayejipaka matope.

Kesho yake asubuhi wafanyakazi na majirani waliitwa uwanjani. Askari wakawazunguka. Meja akavua miwani yake myeusi, akasema polepole:

"Hii moshi haikuja yenyewe. Kama kuna mtu alijua mapema, huyo ndiye alifanya."

Swaliki akatazama chini. Hakuna aliyemtaja Ofumbi, naye akaanza kuamini kwamba yatapita.

Mama Achola alifika akiwa amechelewa, ungo wa wimbi kichwani. Maneno ya Meja hakuyasikia. Akapiga magoti kumwamkia mkubwa, kama inavyopasa. Meja akaangalia zile nafaka safi, akamwuliza, kwa upole uliowatisha watu, mbona wimbi lake limepona na la wenzake limeungua.

"Ni huyu mwanangu Ofumbi, mzee. Yeye aliniambia moshi inakuja, nivune haraka. Nimemletea hii kumshukuru."

"Sema tena, mama. Wote wasikie."

Akasema tena, kwa sauti kubwa, uso umemng'aa kwa furaha, akimwonyesha Ofumbi kwa mkono ili mzee amwone vizuri.