Nyumba ya Milango Minne

Mkaguzi hakuwaamini watu wanaolipa mapema. Miaka yote aliyokagua tiketi kwenye treni ilimfundisha kwamba abiria anayekunyooshea tiketi kabla hujamwomba ana jambo analificha chini ya kiti. Sasa amestaafu na sare ameitundika, lakini jicho halikustaafu pamoja naye. Na wapangaji wake, aliowakuta ndani ya nyumba alipoinunua, tangu mwezi wa kwanza walikuwa wakimletea kodi kabla ya tarehe, mkononi, kwa adabu, na kumuuliza hali ya mkewe. Jambo hilo lilimkosesha usingizi.

Nyumba yenyewe ilikuwa na milango minne inayotazama ua mmoja wa saruji, bomba la maji katikati. Kwenye mlango wa kwanza, ulio karibu na geti, aliishi yeye na mkewe. Wa pili alipanga fundi wa kuchomelea mageti. Wa tatu alipanga muuguzi, dada mpole, na mkataba wake ulisema anaishi peke yake. Wa nne ulikuwa wa dereva wa lori ambaye alionekana nyumbani kwa nadra kama mwezi mchanga. Mpango wa Mkaguzi ulikuwa mwepesi: milango mitatu ilipe mkopo wa chama cha akiba, mmoja uwape wazee paa la kufia. Mlango mmoja ukikaa mtupu, watafunga mkanda. Ikikaa mitupu miwili, chama kitakuja na kufuli lake. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa ndani ya kuta zile, na humohumo mlikuwa na fedha za kiwanja ambacho mkewe alirithi kwa mama yake, wakakiuza kujazia pengo. Kingine hawakuwa nacho. Nyumba ikiwa na kasoro, basi wao ndio waliokwisha.

Ndiyo maana kabla ya kununua alikagua mpaka dalali akachoka kusimama. Alipanda darini akatoka na utando wa buibui kwenye nyusi. Alikwaruza rangi kwa ukucha aone kama chini yake kuna ufa. Alifungua bomba zote, akavuta maji ya vyoo vyote, akapapasa mihuri ya hati kama mtu anayechagua kitambaa. Muuzaji alikuwa kijana wa miwani, mwenye haraka zake, kila akisema neno anatazama saa. Alieleza kwamba nyumba ni ya mama yake, mama amezeeka, amehamia kwa ndugu, na ameridhia kwa dole gumba mbele ya wakili. Dole gumba lilikuwepo kweli, la wino wa bluu, limekaa sawasawa mahali pake. Bei ilikuwa chini kidogo ya bei za mtaa. Mkewe aliguna, akasema rahisi ni ghali, afadhali wangemwona huyo mama mwenyewe. Mkaguzi alimjibu kwamba karatasi zimekamilika, na kwenye treni mwenye tiketi halali haulizwi ametoka kwa nani. Hapo ndipo alipokosea, lakini siku hiyo alitembea kifua mbele.

Dalali naye hakumwacha aondoke bila wosia. Alimwambia mwenye nyumba mgeni huliwa mchana kweupe. Mpangaji anaingia mmoja, kesho analeta shemeji, keshokutwa shemeji analeta binamu, na wewe unalipia maji ya ukoo usioujua. Mkaguzi aliyameza maneno hayo bila kutafuna. Alibandika kanuni ukutani karibu na bomba, kwa herufi kubwa: asiyetajwa kwenye mkataba halali humu. Muuguzi alizisoma kanuni zile, akainua ndoo yake, akaenda zake bila kusema kitu. Mkaguzi aliuona ukimya ule akautia moyoni.

Kisha yakaanza mambo. Asubuhi moja bomba la ukutani lilipasuka na maji yakaruka ua mzima. Mkaguzi alikimbilia spana, akarudi nayo, akakuta maji yamekwisha kukatwa. Fundi wa kuchomelea alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya ua, ameinua bamba la zege ambalo Mkaguzi, pamoja na ukaguzi wake wote, alilidhania ni sakafu tu. Chini yake kulikuwa na koki. Alimuuliza nani alimwonyesha. Fundi akasema aliambiwa na mama mwenye nyumba. Lini? Zamani, akajibu fundi, huku akiyatazama magoti yake yaliyolowa. Baadaye mawingu yalipoanza kujikusanya, Mkaguzi alipanga kuwaita watu wa kusafisha mifereji ya paa. Alipopanda ngazi aikague kwanza, akaikuta imekwisha kusafishwa. Hakuna aliyesema amefanya yeye. Wote walisema labda upepo.

Upepo gani unaosafisha mifereji ukaacha ngazi imerudishwa mahali pake? Kuna mtu anaitawala nyumba hii, alijiambia, na mtu huyo si mimi.

Basi akaanza kuchunguza kama zamani. Alihamishia kiti chake dirishani na kujifanya anasoma gazeti. Aliona wapangaji wakizungumza bombani, akitokea tu wanaanza kusifia hali ya hewa. Aliona fundi wa kuchomelea, muuguzi akishaondoka kwenda kazini, akivuka ua na sahani iliyofunikwa, akifungua mlango wa tatu kwa ufunguo wake mwenyewe, akikaa kidogo, akitoka na sahani tupu. Mara mbili alisikia kiti kikiburuzwa ndani ya mlango ule ambao mwenyewe yuko hospitalini. Sahani haijilishi, na kiti hakina miguu ya kutembelea. Mle ndani mlikuwa na mtu.

Alimwambia mkewe. Mkewe, akichambua mchele, alimwambia awaite wote awaulize kama watu wazima. Mkaguzi akasema ukimuuliza mwizi umemwambia akimbie.

"Mume wangu," akasema mkewe, "ukikosa mwizi humu, iko siku utajikamata mwenyewe."

Alicheka, na kicheko kile kilimuudhi Mkaguzi kuliko maneno. Alikuwa na woga ambao hakuweza kumwambia. Kama wapangaji wana njama, basi watamwachia nyumba tupu siku moja, na kiwanja cha mama mkwe kitakuwa kimepotea kwa mkono wake. Akanyanyuka, akatoa ufunguo wa akiba kwenye kopo, akavuka ua. Muuguzi alikuwa kazini. Hakubisha, wala hakuita. Aliingiza ufunguo na kusukuma mlango.

Chumba kilikuwa safi. Kitanda cha muuguzi kilitandikwa, na kando yake godoro la pili lilikunjwa na kufungwa kamba. Kwenye kiti kilichoegeshwa dirishani, mahali ambapo pazia limeachwa wazi kiasi cha jicho moja, alikaa bibi mmoja mrefu, mguu wake umefungwa bendeji na kuwekwa juu ya stuli. Hakushtuka. Alimtazama Mkaguzi tangu kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Wewe ndiye wa mlango wa kwanza," akasema. "Unayepanda paa langu kila siku. Utanitoboa bati."

Mkaguzi aliuliza yeye ni nani, na huku akiuliza alikwisha kujua, maana miwani haikuwepo lakini pua ilikuwa ileile ya kijana yule. Bibi alimweleza bila kupandisha sauti. Mwanawe alimpeleka kwa mpwa wake, akamwambia ni mapumziko mafupi mpaka mguu upone. Alipoona mapumziko hayaishi, akarudi kwake mwenyewe, akichechemea, akakuta mlango wake wa kwanza una pazia la watu wengine. Wapangaji walimwingiza kwa muuguzi siku hiyohiyo. Walimwambia mwanawe amepangisha. Yeye akaona sawa, ila akashangaa kwamba kodi haimfikii. Akawa anawaelekeza kazi za nyumba kutoka kitini pale, koki iko wapi, mifereji isafishwe lini, kwa sababu nyumba ukiiacha inakuacha.

Mkaguzi alishika fremu ya mlango. Swali lilikuwa moja tu, na alilijua. Akaliuliza kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua: je, hakuweka dole gumba kwenye karatasi ya kuuza?

"Dole niliweka," akasema bibi. "Mwanangu alisema ni karatasi za hospitali, za mguu huu. Nyumba sijauza, na hakuna aliyeniomba niuze. Kwa nini unauliza?"

Mkaguzi akautazama ufunguo mkononi. Bibi akamngoja, kisha akakunja uso.

"Na wapangaji wangu hawaingii kwa mtu bila hodi. Toka nje, uanze upya."

Mkaguzi alitoka. Alijikuta ametii kama mwanafunzi, mlango ukafungwa nyuma yake, naye yuko uani na ufunguo mkononi. Mkewe alikuwa amesimama bombani na ndoo iliyojaa, na kwa jinsi alivyoshika ndoo ile ilijulikana kwamba amesikia yote. Fundi wa kuchomelea alikuja mbio kutoka mlango wa pili. Aliongea kwa kunong'ona, karibu na sikio la Mkaguzi.

"Mzee, karatasi ni zako, hilo tunalijua. Sisi hatutasema neno, na yeye hana mguu wa kwenda mahakamani. Mwambie wewe ndiye mwenye nyumba, yaishe. Sisi tutambembeleza. Tunachoomba ni asitupwe nje, basi."

Yaani ilikuwa rahisi hivyo. Hakuna ambaye angemuuliza lolote. Karatasi zilikuwa safi, mihuri mizima, wakili hai, na watu waliojua ukweli walikuwa wamejitolea kufunga midomo kwa bei ya godoro moja sakafuni. Mkaguzi alimchukia kijana wa miwani kwa chuki ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa abiria yeyote. Kisha akajichukia mwenyewe, kwa sababu kijana yule hakumdanganya sana. Alimpa karatasi tu, naye ndizo alizotaka.

Akamtazama mkewe. Alitaka amwambie la kufanya, amkaripie, amcheke hata.

"Kiwanja cha mama yangu," akasema mkewe polepole. Usoni mwake Mkaguzi hakuweza kusoma kama anamkataza au anamwachia.

Alirudisha ufunguo mfukoni. Alisogea mlangoni, akajifuta mkono kwenye suruali, akabisha kwa kifundo cha kidole.

"Hodi."

Kiti kiliburuzwa ndani.

"Nani?" akauliza bibi.

Lilikuwa swali ambalo maishani mwake yeye ndiye aliyezoea kuwauliza wengine. Majibu yalikuwa mawili, na kila moja lilikuwa na bei yake. Fundi alimtazama mdomo. Mkaguzi alifikiria mkopo, akafikiria kesho watalala wapi, akausogelea mlango zaidi.

"Mpangaji wa mlango wa kwanza," akasema.

"Haya, karibu," ikajibu sauti ya ndani.

Nyuma yake alisikia ndoo ikiwekwa chini, na mkewe akianza kulia.