Mkate wa Arobaini ya Labib

...lakini usimwambie mtu, ndivyo Nargis alivyomwambia, shika msalaba huu uape, Mama Wasfi, na yeye akaushika, akaapa kwa ubatizo wa wanawe wote wanne, wazima na waliotangulia, kwamba neno hilo litaingia sikioni mwake na kuzikwa humohumo, na kweli lilizikwa, likalala kaburini siku mbili, la tatu likafufuka pale kwa muuza maharage, na nani alikuwa mbele yake foleni na bakuli mkononi kama si Bahiga... Bahiga huyuhuyu aliyesimama sasa karibu na mlango wa madhabahu kama askari wa forodha, shela nyeupe kaibana kwa pini mpaka kidevu hakipumui, anawakagua wanawake mmoja mmoja kabla hawajamfikia Abuna, kasisi wao, kupokea komunyo, umefunga, umevua viatu, ficha hizo nywele, na mkono wake umenyooka, umemzuia Nargis kifuani, Nargis aliyevaa nyeusi toka kichwa mpaka soksi, leo, siku ya arobaini ya mumewe. "Ngoja kwanza, binti yangu." Binti yangu, eti, tangu lini, toka Labib aanguke na pikipiki yake hujampelekea hata kikombe cha chai, leo amekuwa binti yako... mashemasi wanaimba, matuazi yanagongana, chwa, chwa, mtu hasikii vizuri, lakini Mama Wasfi yuko nyuma yao kwa wanawake watatu tu, na masikio yake, Mungu ashukuriwe, hayajazeeka pamoja na magoti. "Umekula nini asubuhi?" anauliza Bahiga, kwa ule mnong'ono wa kusikika mpaka mtaa wa pili. Yai, amekula yai, kama kila asubuhi, kipande kama ukucha, Kwaresima Kuu, mayai na maziwa marufuku, na tena kabla ya komunyo, makosa mawili ndani ya yai moja, na wewe unajua kwa nini, mwanamke wewe, maana ulisimuliwa hadithi nzima, hukusimuliwa yai peke yake, uliambiwa kwamba Mzee Gindi, babamkwe wake, amepotewa na akili tangu mwanawe azikwe, hagusi chakula mpaka amwone mtu amekila kwanza, anadhani anatiliwa sumu, anaufumba mdomo kwa vidole viwili na kusema, kula wewe kwanza, wewe kwanza, na daktari kasema yai kila siku la sivyo mzee atakata roho, na Abuna kampa mzee ruhusa, mgonjwa ruksa, lakini ruhusa ni ya mgonjwa, ya anayemlisha haikutajwa, basi Nargis afanyeje, amwache mzee afe njaa ili yeye aitwe mtakatifu, leo mzee kaamka saa kumi na mbili analia kama mtoto mchanga, wewe ungefanyaje, Bahiga, ungempigia zaburi?... Lo, hasira hii itamuua Mama Wasfi, hawa watu wamempokea Mungu mwepesi wakamgeuza mzigo wa punda, usile hiki, usivae kile, simama hapa, usisimame pale, na Bahiga ndiye mkuu wao, siku za mfungo anasimama dukani kusoma karatasi ya biskuti kama anasoma Injili, anatafuta unga wa maziwa, akiuona anairudisha pakiti kama kaona nyoka, na wakati huo mama yake mzazi anaishi kwa dada yake mwaka wa sita sasa, Bahiga haendi kumwona, walikosana kwa ajili ya friji, friji, jamani, mtu anaogopa unga wa maziwa na haogopi machozi ya mama... "Nimekula kwa ajili ya mzee," Nargis anasema, na sauti yake ni ndogo, "niache nipite, shangazi Bahiga, leo tu, nisipopokea leo Labib atajiona hana mtu." "Sheria si yangu. Kaa pembeni, usinilazimishe nimwite Abuna." Sheria... mama yake Mama Wasfi, kule kijijini, hakujua kusoma hata jina lake, mfungo kama huu huu mke wa jirani alikufa akijifungua, akaacha mapacha, mama akawa anakama nyati wake wa kufugwa alfajiri, anachovya kidole kwenye maziwa, anakilamba kuona kama hayajawa moto sana, kisha anawanywesha, wanawake wakasema, Isther, umefungua, akawajibu, nimefungua nini, mlango? na akaendelea kulamba, dini ya mama ilikuwa swali moja tu, nani hajala, ukijibu hilo umemaliza, mengine ni pambo la shela... "Nani kakwambia?" anauliza Nargis. Matuazi, chwa. "Kaniambia anayejua." Na Nargis anageuka, anatazama nyuma, sura kwa sura, hatafuti sana, maana alimwambia mtu mmoja tu duniani, na macho yale yanamfikia Mama Wasfi, hayana hasira, bora yangekuwa na hasira, ni macho ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli imebadilishwa... Nenda kapokee, mwanangu, yeye mwenyewe alimwambia Nargis siku ile, Mungu hana pua ya kunusa kikaango chako, maneno mazuri kabisa, kisha akaenda akalitema lile neno kwa Bahiga kama mtu anavyotema maganda ya mbegu za maboga, kwa utamu tu, apate kusikia Bahiga akisema, usiniambie, na Bahiga akasema, usiniambie, na akaambiwa. Basi friji ya Bahiga iko wapi sasa, Mama Wasfi, ajuza wewe, na unga wa maziwa uko wapi, yule ana mkono tu, kisu umempa wewe, siku zote unaulaani mdomo wa watu unaofunga nyama na kutafuna watu, na wa kwako je, umefunga lini... Afanye nini, aseme alidanganya? Nargis mwenyewe keshakiri. Amwombe radhi? Hapa, katikati ya zaburi, radhi ya kunong'ona, wakati kosa limetangazwa? Mfuko wa plastiki unamkata vidole, ni mikate ya Nargis, midogo, ya ufuta, ameoka usiku kucha, ya kugawia maskini makaburini baada ya ibada, arobaini ya Labib, alimpa yeye amshikie kwa sababu anamwamini, anamwamini, na wanawake watatu wa mbele wanasogea pembeni mmoja mmoja kumtazama vizuri aliyezuiwa, mbele kumekuwa wazi, Nargis yuko pembeni, peke yake, ukutani, kama kiti kilichovunjika, na miaka sitini na tatu Mama Wasfi hajawahi kuikosa komunyo ya Kwaresima, hata mwaka wa kumzika mwanawe, hata na homa, na mkono wake umeshaingia mfukoni, Bwana, kama umekasirika nisubiri nimeze, mkate ni laini, una harufu ya shamari, ameuuma, ameuuma mkubwa, na taya zake zisizo na meno ya nyuma zinatafuna pale pale foleni, hatua nne toka kwenye kikombe, ufuta unamwagika juu ya shela yake nyeupe. "Mama Wasfi." Bahiga amemdaka kiganja, amekiinua juu pamoja na nusu ya mkate, kila mtu aone. "Unakula? Mbele ya madhabahu unakula? Nani kakutuma?" Matuazi yamenyamaza. Mashemasi wamegeuka, Abuna amegeuka na kikombe mkononi, wanaume kule upande wao wanasimama juu ya vidole, kanisa zima linamtazama bibi kizee na mkono hewani kama mwizi wa kuku, na Bahiga anauliza tena, nani kakutuma, sema, na Nargis ukutani ameziba mdomo kwa shela, analia au anacheka haijulikani, na Mama Wasfi anataka sana kujibu, ana majibu kumi, lakini mdomo umejaa, na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe hamtaji mtu.