Siku Isiyopimwa

Mume wangu amepima mvua kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo mimi nimekuwa mke mdogo. Mke mkubwa ni kipimamvua: kopo la shaba lililozikwa nusu ardhini, ndani ya uzio wa waya, hatua arobaini kutoka dirisha la zahanati ninayofanyia kazi. Kila siku saa tatu asubuhi, si saa tatu kasoro dakika moja, alimimina maji yake kwenye bilauri ya kupimia, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akaandika. Siku ya harusi yetu wageni walimngoja nusu saa nzima. Akarudi na matope kwenye viatu vipya, akaninong'oneza, "Milimita nane nukta nne," kwa sauti ambayo wanaume wengine huitumia kwa mambo mengine. Ndugu zake wanamwita Bwana Mvua. Mimi nimemwita majina ambayo sitayaandika hapa.

Nisiwe mwongo lakini, nilijivunia. Walimu wa chuo kikuu walikuja kunakili madaftari yake, maana vituo vyenye miaka mingi hivyo bila pengo ni vya kuhesabu kwa vidole. Humo ndimo walimoona kwamba mvua kubwa za huku kwetu sasa zinaanza wiki tatu mapema kuliko mwaka tuliooana, na kwamba baridi ya usiku imepungua, ndiyo maana mbu wamepanda mpaka vilimani ambako bibi zetu hawakujua chandarua ni kitu gani. Mimi nililiona jambo hilohilo kwa upande wangu, kwenye benchi la watoto wenye homa. Akiniambia mezani, "Nesi, mwezi huu imepita mia mbili," nilijua nina wiki sita kabla homa hazijafika, na kesho yake naandika barua ya kuomba dawa za malaria.

Ndipo zikaja nyaraka mbili ndani ya mwezi mmoja. Wa kwanza, kutoka kwa watu wa hali ya hewa, ulisema vituo vinavyosomwa kwa mkono vifungwe, kazi hiyo itafanywa na satelaiti. Wa pili, kutoka kwa watu wa afya, ulisema zahanati zisiagize tena dawa za malaria kwa barua. Mfumo wa kompyuta utaangalia mvua ya kila eneo na kugawa wenyewe. Kila waraka ukiusoma peke yake una akili. Sidhani kama walioandika wa kwanza waliwahi hata kusalimiana na walioandika wa pili. Nyumbani kwetu nyaraka zenyewe zililala meza moja, chini ya kopo la sukari, mmoja wake na mmoja wangu.

Mume wangu ni mtu wa kanuni. Aliambiwa afunge kituo, akafunga. Akakabidhi madaftari, akakabidhi ufunguo, akatia sahihi, akaja kukaa. Wanawake wenzangu mnajua ninachosema: mwanamume aliyezoea kazi akikaa nyumbani, nyumba inakuwa ndogo. Alivipanga vijiko vyangu kwa urefu. Alinieleza namna bora ya kufunga mlango ambao nimeufunga tangu binti yetu hajazaliwa. Na mvua ilivyo na dharau, ikaanza wiki hiyohiyo. Saa tatu ikifika anasimama dirishani, mikono nyuma, anaitazama ikimwagika bila mtu wa kuipima. Hakulalamika hata neno moja, na hilo ndilo lililonikata maini.

Siku ya tatu uvumilivu uliniisha. Zahanati tulikuwa na ufunguo wa pili wa ule uzio, kwa sababu mfagizi wetu ndiye aliyekuwa akifyeka majani humo. Waraka ulimkataza mpimaji kupima. Haukusema kitu kuhusu nesi mwenye hasira. Saa tatu kamili niliingia na mwavuli wangu, nikapima, nikaandika kwa penseli kwenye kurasa za nyuma za daftari kuukuu la chanjo. Kesho yake nikaenda tena. Sikuwa nimewaza nitazifanyia nini namba zile. Nilitaka tu mvua yake isipotee. Yeye sikumwambia, kwa kuwa namjua: angeuchukua ufunguo ule wa pili na kuurudisha serikalini kwa miguu yake.

Baada ya siku arobaini za kupima hivyo tuliitwa makao makuu ya wilaya kuelezwa mgao wa dawa za msimu. Mratibu wa malaria ni kijana mpole, macho yamemwiva kwa kutazama kompyuta. Alitafuta zahanati yangu, akasita.

"Mama, eneo lako lina ukame."

"Ukame upi? Huyaoni mabuti yangu?"

"Mfumo unasema hivyo." Akanigeuzia kioo. Sifuri, chini yake sifuri, sifuri za siku arobaini zilizopita zimejipanga. "Hakuna mvua, hakuna mbu. Dawa zako zimepangwa kwenda bondeni."

Mwaka mmoja dawa zilichelewa wiki mbili tu, tukapoteza watoto watatu, na mmoja wao nilimpokea kwa mikono hii alipozaliwa. Mama yake bado tunakutana dukani. Ananisalimia vizuri, na mimi nikifika nyumbani chakula hakipiti.

"Hizo si sifuri," nikamwambia.

"Mama, mbona zinaonekana?"

"Sifuri maana yake mtu amekwenda, ameangalia, hakukuta maji. Hapa hamkumtuma mtu. Kituo mmekifunga. Asiyepima haandiki sifuri, anaacha nafasi tupu. Nani amezijaza hizi nafasi?"

Akajikuna kichwa. Akafungua kurasa nyingine, akatoka nje kupiga simu moja, akarudi mdogo kuliko alivyoondoka. Kumbe satelaiti bado hazijaunganishwa. Mfumo ulikuwa unangoja namba za kituo chetu kilichofungwa, na namba zisipofika unajijazia sifuri.

"Mgao unafungwa kesho, Ijumaa saa sita mchana," akasema. "Niletee vipimo vyenye sahihi ya mpimaji mwenye cheti, nitaviingiza mimi mwenyewe. Bila sahihi hiyo mikono yangu imefungwa."

Vipimo ninavyo kwenye mkoba. Cheti anacho mume wangu. Mtu mwingine angetoka pale anapiga mbinja, lakini mimi nilitoka nimeinamisha kichwa, kwa sababu mume wangu hajawahi kutia sahihi namba asiyoiona kwa macho yake. Mkandarasi mmoja aliyechelewesha daraja alimjia na maneno matamu, anataka karatasi kwamba mvua ilinyesha siku kumi. Akapewa siku nne zilizonyesha na chai ya rangi. Yule bwana mpaka leo hatusalimii.

Nilimkuta alasiri hiyo anakaza skrubu za kiti ambacho hakijalegea. Nikaweka daftari mezani, nikamweleza yote kwa pumzi moja: sifuri, bondeni, Ijumaa saa sita.

"Umeingia ndani ya uzio," akasema.

"Nimeingia."

"Siku ngapi?"

"Arobaini. Kasoro moja."

Akanawa mikono, akavaa miwani, akakaa. Nilidhani atafungua daftari. Wapi. Alikwenda jikoni akaleta glasi ya maji, akaiweka mbele yangu. "Maji yakikaa kwenye bilauri yanapanda kidogo pembeni. Unasoma pembeni au katikati?"

"Unanitahini? Mimi?"

"Nakuuliza, Nesi."

"Chini kabisa ya mkunjo, katikati, jicho likiwa sawa na maji. Ningesoma pembeni mvua ingeongezeka bure."

Hakusema nimepata wala nimekosa. Akafungua ukurasa wa kwanza, kidole kikatembea mstari kwa mstari, polepole, kama anachambua mchele. Aliuliza kwa nini tarehe tano nimeandika saa tatu na dakika kumi. Nikamjibu kwamba nilichelewa kwa dakika kumi, kulikuwa na mtoto wa degedege. Aliuliza kwa nini tarehe kumi na moja nimeandika "majani". Nikamwambia kulikuwa na jani kwenye mdomo wa kopo, nikalitoa, sijui lilizuia kiasi gani. Akaguna. Mimi huku jasho linanitoka, kwa sababu saa zinakwenda na mtu huyu anasoma kama ana mwaka mzima. Nikaanza kupandwa na hasira za kweli. Watoto wa watu kule, na yeye ananiuliza habari za jani.

Kidole kikasimama. "Tarehe kumi na tisa."

"Nilikuwa nazalisha. Pacha, na wa pili alitanguliza miguu. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa nane mchana."

"Mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha mpaka ndoo za uani zikaelea. Unakumbuka mwenyewe."

"Nakumbuka. Na wewe unaijua mvua ya kiasi kile, umeishi na mimi. Ungeandika hamsini, nani angejua?"

"Sikuipima."

Kidole kikashuka mstari mmoja. "Na tarehe ishirini umeandika sabini na moja nukta sita, halafu pembeni umeandika 'ya siku mbili'."

"Maji ya jana yake yalikuwa bado yamo. Niliyakuta yote pamoja."

"Wengi wangegawa kwa mbili, kila siku ikapata yake. Inapendeza kwenye karatasi."

"Ningegawaje, baba? Sikujua ipi ilikuwa ya siku ipi."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Nani alikufundisha mambo haya?"

"Miaka ishirini na sita unanihubiria na tonge mkononi," nikamwambia. "Ulidhani nasikiliza redio?"

Aliinuka akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nikaona mabega yanatikisika. Nikajifanya natafuta kalamu. Aliporudi alichukua fomu moja ya zamani, akanakili siku zote arobaini kwa ule mwandiko wake wa mwalimu, mpaka giza likaanza kuingia. Alipofika chini alifunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Akaitia kwenye bahasha, akailamba, akaibana.

"Peleka. Usiifungue njiani."

"Umetia sahihi?"

"Nimesema peleka."

Sikupata usingizi, na asubuhi njia nzima nilikuwa naigusa bahasha ile. Kama alikuwa ameandika kwamba hawezi kuthibitisha, nilijua nitampenda bado, ila sijui ningemtazamaje usoni siku ambayo mtoto wa kwanza angeletwa zahanati na mimi sina hata kidonge. Nilifika saa nne unusu. Mratibu akaichana bahasha, akasoma, akasoma tena, akanitazama mimi.

"Mama, kwenye 'mpimaji' kuna jina lako."

"Langu?"

"Jina lako kamili, mpaka la babu. Yeye amejiandika chini, 'mkaguzi', na namba ya cheti chake." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Ameongeza maneno. 'Vipimo hivi sikuvisoma mimi. Nimevikagua vyote. Mpimaji huyu namwamini kuliko jicho langu.'"

Nilizaa mbele ya wanafunzi wa uuguzi bila kutoa sauti. Nilimzika mama yangu nikiwa nimesimama wima. Lakini pale kwenye kiti cha plastiki cha serikali nililia kama mtoto, na kijana wa watu akabaki kunipa karatasi za kufutia, hajui kosa lake ni lipi.

"Tatizo," akasema nilipotulia, "nilitaka sahihi ya mwenye cheti."

"Si hiyo hapo?"

"Iko mstari wa chini."

"Ulisema iwe mstari gani?"

Akafikiri. Akacheka, akavuta kompyuta. Akazifuta zile sifuri moja baada ya nyingine na kuingiza mvua yangu. Alipofika tarehe kumi na tisa akasema lazima aweke namba, mashine haipendi nafasi tupu. Nikasimama. Nikamwambia atafute, maana hiyo siku hakuna mtu atakayeizulia kitu mimi nikiwa hai. Akatafuta, akakuta kijisanduku pembeni kilichoandikwa "hakuna kipimo". Kilikuwapo tangu mwanzo, ila hakuna aliyewahi kukibonyeza. Saa sita kasorobo eneo langu kwenye kioo lilibadilika likawa jekundu, rangi ya hatari ya malaria, na mgao wangu ukatoka sifuri ukawa maboksi saba.

Niliporudi mume wangu alikuwa amekaa kizingitini, na najua alikuwa hapo tangu nilipoondoka kwa sababu chai yake ilikuwa pembeni, imejaa, imeganda utando.

"Dawa?" akauliza.

"Maboksi saba. Jumatano."

Akashusha pumzi iliyokaa humo tangu siku ya waraka. Nikakaa karibu naye, bega kwa bega. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, matamu na makali, na yote yalinitoka kichwani. Nikamshika mkono, na yeye akauacha ushikwe, ingawa majirani walikuwa wanapita.

"Watafungua kituo?" akauliza baadaye.

"Mratibu ameandika barua. Itachukua muda."

"Basi mimi bado siruhusiwi kuingia." Akaangalia mawingu yaliyokuwa yanakusanyika juu ya zahanati, akaangalia saa yake ya mkononi, kisha akaniangalia mimi. "Kesho saa tatu usichelewe, Mpimaji."

Nikamwambia sitachelewa.