Benchi la Wenye Maslahi

Mzee Sedekia alifika kwenye ofisi za halmashauri ya Itondwe saa mbili asubuhi, amevaa koti la kanisani na kofia, mkononi ana barua ya pingamizi yenye saini arobaini na mbili. Kikao kilikuwa cha saa tatu, maana yake saa tano. Akaonyeshwa benchi refu nje ya ukumbi, mkabala kabisa na mlango, akaambiwa asubiri hapo mpaka aitwe.

Kilichomleta ni uwanja. Watoto waliuchezea mpira, ndiyo, lakini kwa mtaa mzima ule ulikuwa uwanja wa misiba. Hapakuwa na mahali pengine pa kufunga turubai, na Mnyakyusa kuliliwa kwenye kichochoro ni aibu isiyosemeka. Mke wake alililiwa pale siku tatu, watu zaidi ya mia nne, na kila mmoja alipata pa kukaa. Sedekia mwenyewe, miaka sabini na tisa, alikuwa ameshapanga siku yake: turubai lielekee milimani, wanaume wakae upande wa mparachichi, kwaya ikae kushoto ili upepo usiwapelekee vumbi kooni. Kilichobaki ni kufa tu, na hilo hakuwa na haraka nalo. Sasa halmashauri ilitaka kuukata uwanja huo viwanja tisa, na tangu apate habari hizo alikuwa halali.

Bertha, karani wa vikao, alimweleza utaratibu kwa upole mwingi.

"Sheria inafuatwa, mzee. Diwani mwenye maslahi kwenye jambo lazima atangaze, halafu atoke nje wenzake wajadili."

"Madiwani wa kamati wako wangapi?"

"Tisa."

"Na wenye maslahi?"

"Tisa."

Sedekia akacheka. "Basi hakuna kikao."

"Kipo! Wakitoka wote kwa mkupuo akidi inavunjika, ndiyo maana wanatoka mmoja mmoja. Tukijadili kiwanja namba moja, mwenye namba moja anatoka, wanane wanapitisha. Akirudi, anatoka wa namba mbili. Mwaka jana tulipewa cheti cha utawala bora, mzee, kimetundikwa pale." Akakionyesha kwa kalamu. "Ila ramani ni moja. Vikipita vyote tisa inasainiwa leo leo. Kikikwama kimoja, imekwama yote."

"Na barua yangu?"

"Itasomwa mwisho, kwenye mengineyo."

Saa tano na robo mlango ulifunguliwa, akatoka Mheshimiwa Filemoni na chupa ya soda. Akaketi kwenye benchi, akamwamkia mzee, akauliza habari za nyumbani, za mahindi, za goti linalomsumbua. Mzee akaitikia zote. Kisha akauliza wanajadili nini humo ndani.

"Sijui, tata," Filemoni akasema kwa unyenyekevu, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Siruhusiwi kujua."

"Wanaokubali?" ikasikika sauti ndani. "Ndiyooo!" Filemoni akafuta mdomo, akaaga, akarudi ndani kwenda kumpitishia mwenzake.

Wakafuatana hivyo. Wa namba nne alikuwa Mheshimiwa Rabson, mwenyekiti mwenyewe, aliyekuwa amemwachia makamu kiti na kutoka na nusu chapati. Alimpa mzee kipande, akamshika bega, akamhakikishia kwamba halmashauri inawaheshimu wazee kuliko kitu chochote. "Na siku yako ikifika, tata, Mungu aiweke mbali, nitakuja mwenyewe."

"Utakaa wapi?"

Rabson akatafuna huku akifikiri. "Nitasimama," akasema.

Namba tano akatoka, akarudi. Namba sita hakutoka mtu.

Mlango ulifunguka kiasi cha kiganja, ukafungwa tena upesi. Sedekia akasikia minong'ono, kisha Rabson akipandisha sauti: "Mheshimiwa, toka nje tuendelee."

"Siwezi," ikajibu sauti ya mwanamke. "Mkwe wangu yuko hapo mlangoni. Amefika nikiwa nimeshaingia."

Mzee akainua kichwa. Sauti ile aliijua, ingawa miaka yote aliisikia kupitia ukuta. Ilikuwa ya Tumpe, mke wa mwanawe Benjamini. Kwamba Tumpe ni diwani wa viti maalumu alijua, na alijivunia. Kwamba mwezi uliopita walimhamishia kamati hii, nani angemwambia? Benjamini yuko Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, na Tumpe mwenyewe haruhusiwi kumsemesha. Kwa Wanyakyusa wa zamani mwanamke na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawapishani njiani. Siku hizi wengi wameacha, wanakula meza moja na kutumiana picha kwenye simu. Tumpe na Sedekia walikuwa wameushika mwiko huo miaka kumi na minane bila kuteleza hata mara moja. Mmoja akiingia mbele, mwingine anatokea nyuma, na salamu hupelekwa na wajukuu. Mzee alimpenda sana yule binti, na njia aliyokuwa nayo ya kumpenda ni kumkwepa.

Ndani ukumbini hakuna aliyecheka. Wote walikuwa na wakwe.

"Basi abaki," Rabson akasema.

"Akibaki, uamuzi ni batili," akasema Bertha.

"Basi atokee dirishani."

"Madirisha yana nondo, mwenyekiti."

Bertha akatoka, akamwomba mzee asogee kidogo tu, hata nyuma ya jengo. Sedekia akamtazama bila hasira. "Mliniambia nisubiri hapa mpaka niitwe. Mmeniita?"

"Bado."

"Basi nasubiri."

Baada ya majadiliano marefu, ambayo Bertha aliyaandika yote, mlango ukafunguliwa wazi. Kilichotoka ni kitambaa cha kijani cha meza ya kikao, kimesimama wima, chini yake viatu viwili vyeusi. Bertha alikuwa anakiongoza kwa kukishika pembe. Akakisimamisha ukutani, mwisho wa benchi, akarudi ndani, na waheshimiwa wanane wakaendelea na namba sita kwa mujibu wa kanuni.

Mzee akaangalia sakafu. Miaka kumi na minane.

"Tumpe," akasema.

Kitambaa kikashtuka.

"Kiwanja hicho ni chako?"

"Ndiyo, tata."

"Benjamini anajua?"

"Yeye ndiye aliyekichagua." Viatu vikasogea kidogo. "Tulitaka kukujengea nyumba. Yenye choo ndani. Ile yako inavuja, na wewe hutaki kusema."

Hasira yote aliyokuja nayo ikakosa pa kwenda. Kweli nyumba ilikuwa inavuja, na alikuwa amewakataza wajukuu wasimwambie mtu.

"Na siku yangu, mwanangu? Watu watakaa wapi?"

"Hilo hatukulifikiria," kitambaa kikasema, na ikasikika wazi kwamba kinalia.

Bertha akatoka tena, safari hii na daftari. "Mzee, samahani. Imebainika mwanao ana kiwanja kwenye ramani hii. Una mgongano wa maslahi. Waheshimiwa wamelifuta pingamizi lako kwa kauli moja, na huruhusiwi kuwepo. Inabidi utoke nje."

"Niko nje."

Bertha akaangalia daftari, akageuza ukurasa. "Utoke nje zaidi."

Sedekia akasimama. Madiwani tisa wenye viwanja walikuwa safi mbele ya sheria. Aliyepatikana na hatia ni yeye asiye na kiwanja. Akaikunja ile barua yenye saini arobaini na mbili, akaitia ndani ya koti, akaanza kwenda kwenye geti.

Nyuma yake Tumpe akakivua kitambaa. Mzee akageuka bila kukusudia, wakaonana: mwanamke mwenye uso mpana, mvi mbili tatu pembeni, macho mekundu. Hakuinamisha kichwa. Akakunja kitambaa mara nne, akaingia ukumbini, akaketi kwenye kiti chake.

"Wanaokuba..." Rabson akakatika. "Mheshimiwa! Tunajadili namba sita! Ukiwa humu ni batili, toka!"

"Siwezi kupita," Tumpe akasema. "Mkwe wangu yuko mlangoni."

"Hayupo! Tumemtoa!"

Mzee aliyasikia hayo akiwa hatua tano kutoka kwenye geti. Akarudi. Akalishika benchi upande mmoja, akaliburuta likikwaruza sakafu mpaka likaziba mlango wote, kisha akaketi katikati yake, akiwatazama waheshimiwa mmoja baada ya mwingine.

"Nipo," akasema, na kofia yake akaiweka magotini.